Tangi la Erasto Halibakizi

Boti ilipanda Newala katikati ya msimu wa korosho. Ilikuwa nyeupe, imefungwa kamba juu ya trela kama ng'ombe mkorofi, nyuma ya lori lililotoka Masasi. Watu waliacha mizani na magunia wakaja kuitazama. Mji wetu hauna mto wala ziwa. Ruvuma tunauona kwa mbali tu, chini kule bondeni, kama uzi uliodondoka. Kina mama waliokuwa wamepanga foleni ya ndoo bombani waligeuka wote kwa pamoja.

"Jamani, na hii nayo imekuja kupanga foleni?" mmoja akauliza.

"Ikae nyuma yangu," akajibu mwenzake. "Nimefika tangu alfajiri."

Erasto aliwasikia wakicheka kabla hajaiona boti yenyewe. Alikuwa kwenye karakana yake karibu na soko, amepiga magoti juu ya bati, na aliponyanyua kichwa akaona trela linakata kona kuja kwake. Mlango wa lori ukafunguka, akashuka mwanamume mnene mwenye kanzu fupi na kofia ya jua. Erasto alimtambua kwa namna alivyoshuka: bila haraka, kama mtu aliyezoea kusubiriwa.

"Baba Nathanaeli!" mgeni huyo, Mahmudu, alimwita Erasto. "Hodi hapa kwa mafundi."

"Karibu, Baba Naima."

Mlango wa nyuma wa nyumba ukalia. Cecilia, mke wa Erasto, alitoka mikono ikiwa na unga wa muhogo mpaka viwikoni, akaitazama boti, akamtazama Mahmudu, akacheka. Kilikuwa kicheko kirefu kinachoanzia chini na kupanda, kile ambacho Erasto alikifahamu kama mtu anavyofahamu wimbo unaopigwa nyumba ya jirani. Nyumbani kwake hakikuwa kimepigwa siku nyingi.

"Shemeji, umepotea njia? Bahari iko kule!"

"Bahari nimeiacha inanisubiri, shemeji. Kwanza nimeileta boti ije iwasalimie."

Erasto aliinama tena juu ya bati lake.

Erasto alikuwa fundi wa matangi ya maji. Ukizunguka Newala, Kitangari mpaka Mkunya, utayaona matangi yake chini ya mifereji ya paa, ya duara, yamepakwa rangi ya kijani. Huku kwetu mvua ikikatika maji huwa ni habari ya safari, na mtu mwenye tangi lililojaa hulala usingizi tofauti na jirani yake. Mafundi wengine huweka koki kiganja kimoja juu ya sakafu ya tangi. Erasto aliiweka chini kabisa, usawa wa sakafu, na sakafu yenyewe aliilaza kidogo ielekee kokini, ili hata kikombe cha mwisho kitoke. Mwezi wa kumi, matangi ya wenzake yakiwa yanagongwa na kulia matupu huku maji ya kiganja kizima yamebaki chini hayachoteki, tangi la Erasto lilikuwa bado linatoa. Watu wakaanza kusema: tangi la Erasto halibakizi. Naye alilipenda neno lile kuliko jina lake la ubatizo.

Tangi la kwanza kabisa alimtengenezea mama mkwe wake, Mama Helena wa Kitangari, kabla hajawa mama mkwe. Na hapo ndipo wivu wake ulipozaliwa.

Siku zile Cecilia alikuwa msichana, na kwao kulikuwa na wanaume wawili wanaopita. Kwa desturi ya huku, anayemtaka binti huonyesha mikono yake kwanza kwa mama wa binti: hulima, hujenga uzio, huchota maji. Mahmudu, mtoto wa wafanyabiashara Waislamu wa Masasi, alikuwa amekaa Kitangari akimsaidia baba yake kuuza vitambaa. Alikuwa na baiskeli. Kiangazi chote alishuka kwenye chemchemi ya bondeni na kupanda kilima na madumu mawili, anasukuma baiskeli kwa kifua, mpaka mlangoni kwa Mama Helena. Na kila alipofika, Cecilia alikuwa akicheka, kwa sababu Mahmudu hakuwahi kufika bila kisa cha njiani.

Erasto hakuwa na baiskeli wala visa. Alikuwa na nyundo, mkasi wa bati, na ukimya. Alikuja na mabati kichwani, akakaa uani kwa Mama Helena akigonga, wala hakuzungumza na mtu. Masika ilipofika, tangi likajaa hadi likamwagika juu, na baiskeli ya Mahmudu haikuwa na kazi tena pale. Wazee wa Erasto walikwenda kuposa, wakakubaliwa. Mahmudu akaenda pwani, akaoa Swaumu, akafanikiwa.

Mtu mwingine angeuita huo ushindi. Erasto mwenyewe hakuacha kujiuliza: Cecilia alimchagua yeye, au alichagua tangi? Au pengine hata hakuchagua. Labda mama yake ndiye aliyepima maji ya huku na ya kule, na dini ya huyu na ya yule, binti akafuata mzani ulikolalia. Hakuwahi kumuuliza. Wivu wake haukuwa wa kelele. Hakufoka, hakumzuia mkewe kwenda popote. Ulikuwa kama kutu inayofanya kazi upande wa ndani wa bati. Nje rangi bado inang'aa, na fundi mwenyewe ndiye anayejua, kwa kugonga tu.

Mahmudu alieleza shida yake akiwa ameketi kwenye ndoo iliyofudikizwa, na chai ya Cecilia mkononi.

Boti ile ilikuwa ya kutembeza wageni: ina chumba kidogo cha kulala, benchi pande mbili, na mashine ya dizeli. Ilifanya kazi kutoka Mikindani kwenda visiwani, na sasa wageni walitaka kufika mpaka Kilwa na kurudi. Tangi lake lilikuwa dogo. Njia nzima alilazimika kubeba madumu ya dizeli juu, na kuyamimina wakati boti inayumba.

"Nusu inaingia kwenye tangi," alisema Mahmudu, "nusu inaingia kwenye wali wa wageni. Juzi bibi mmoja kaniuliza, 'Hii pilau imeungwa kwa viungo gani?' Nikamwambia, mama, hii siri ya kwetu."

Cecilia alicheka mpaka akashika nguzo ya karakana.

"Na pwani yote hakuna fundi?" Erasto aliuliza.

"Mmoja alinitengenezea, likavuja. Nikajisemea, nchi hii nani anaweza kushika kitu kisimwagike kama mtu wa Newala? Halafu nilitaka mama aione boti kabla macho hayajamwisha. Hawezi tena kusafiri mpaka pwani. Tumempitia Masasi, nimempandisha mwenyewe, kakaa kwenye usukani, kalia."

Mama yake, Bi Sikuzani, kweli alikuwa mzee sana, na Erasto alimjua. Lakini moyo wenye kutu husikia unachotaka. Mama yuko Masasi, aliwaza. Newala huku imeletwa ionwe na nani?

Walikubaliana. Tangi la pili likae chini ya benchi la kushoto, refu na jembamba. Mahmudu alikuwa amekuja na mabamba mazito ya chuma. Alichukua kijiti akachora mchangani. Ndani kuwe na kuta zenye matundu, mafuta yasikimbie upande mmoja boti inapolala. Erasto alitikisa kichwa kukubali, maana maboza ya maji yanayopanda uwanda wetu wa juu yana kuta kama hizo. Juu kuwe na kijibomba cha kupumulia, na mfuniko wa kufungwa kwa nati, mkono uweze kuingia. Hilo nalo alilielewa.

"Na bomba la kunyonya mafuta," Mahmudu aliendelea kuchora, "litokee juu, lishuke ndani, liishie kidole kimoja kabla ya kugusa chini."

"Kidole kimoja kibaki cha nini?"

"Fundi wa Mikindani kasema ndivyo. Sababu sikumuuliza."

"Yaani mafuta yabaki chini, ya bure?"

"Ndivyo wanavyofanya pwani, kaka."

"Pwani," alisema Erasto, akaufuta mchoro kwa kisigino kama mtu anayetafuta tu mahali pa kuweka mguu.

Alilifanya tangi lile kama hajawahi kufanya kitu maishani. Kila siku alipiga, alikunja, alichomelea, macho nyuma ya kioo cheusi. Mahmudu alikuwa amefikia kwa jamaa zake mjini, lakini kila alasiri alikuja kuangalia kazi, na kila alipokuja uani kulichangamka. Watoto walipanda botini na kuendesha usukani. Majirani walileta viti. Cecilia alitafuta sababu ya kupepeta mchele pale pale karakanani, na Mahmudu akamsimulia habari za samaki wanaoruka, za mgeni aliyedondosha meno yake baharini akataka boti irudi kuyatafuta. Erasto aliyasikia yote kwa sikio moja. Sikio la pili lilikuwa linahesabu vicheko, ingawa alijiambia kwamba halihesabu.

"Mumeo huyu hacheki kamwe?" Mahmudu aliuliza siku moja.

"Anacheka kwa mikono," alijibu Cecilia.

Lilikuwa jibu jema. Ila Erasto alisikia kwamba amejadiliwa.

Siku ya kuweka bomba ilipofika, alilishika mkononi akalitazama. Bomba litoke juu, liache mafuta chini kidole kizima. Tangi lenye mkono wake libakize! Aliiona boti iko mbali huko baharini, dizeli imekwisha, Mahmudu anagonga tangi, na chini yake mafuta yamekaa hayafikiki. Kisha akaiona kwa namna nyingine: dizeli imekwisha, lakini mashine bado inanguruma, kwa sababu Erasto wa Newala aliwaza kuliko pwani nzima. Na Mahmudu, kwa kuwa hanyamazi, atakuja kulisimulia hilo uani, mbele ya Cecilia. Kwa mara ya kwanza kisa kitakuwa cha Erasto.

Akatoboa tundu chini kabisa, usawa wa sakafu. Akailaza sakafu kidogo. Akachomelea koki pale.

Cecilia alikuja na chai akakuta amemaliza. Aliitazama koki ile, akafungua mdomo, akaufunga.

"Nini?" aliuliza Erasto.

"Chai itapoa."

Anataka kusema nimekiuka maneno ya Mahmudu, aliwaza Erasto. Anamtetea hata kwa kunyamaza. Akainywa chai yote kwa mkupuo, ya moto, ili asiulize zaidi.

Walilijaribu tangi kwa povu la sabuni na pampu ya baiskeli. Halikutoa hata kipovu. Mahmudu alilizunguka, akainama.

"Mbona bomba umeliweka chini, fundi?"

"Tangi la Erasto halibakizi," akasema mmoja wa majirani, na wote wakaitikia kama kiitikio cha ngoma.

Mahmudu alicheka, akanyoosha mikono. "Haya. Wewe ndiye fundi."

Lilifungwa chini ya benchi, likaenea pale kama kokwa kwenye ganda lake. Boti ikashuka kutoka uwandani na lori lake, na vumbi likabaki kwenye majani ya mikorosho kwa muda.

Baada ya hapo Swaumu, mke wa Mahmudu, alipiga simu kwa Cecilia. Boti inarudi majini, safari ya kwanza ni ya watu wa nyumbani tu, si ya wageni. Waje wote wawili Mikindani.

"Nina kazi," alisema Erasto. "Mvua imekaribia. Mfereji wa Mama kule Kitangari umeachia."

"Basi tusiende?"

"Nani kasema tusiende? Wewe nenda."

Cecilia alikunja khanga mpaka mwisho. Kisha akasema, "Baba Nathanaeli, tangu nizaliwe nachota maji. Nataka nione mara moja maji ambayo hata yakichotwa hayaishi. Ningependa kuyaona na wewe."

Angeweza kusema twende. Neno lilifika mpaka kwenye meno. Lakini alimwona Mahmudu kwenye usukani, na yeye Erasto kwenye benchi ameshika ukingo, anatapika, ndiye mwanamume asiyejua kuogelea aliyekuja kutazama mwenzake anavyochekesha.

"Nenda tu," alisema.

Cecilia akapanda basi peke yake.

Mvua ya kwanza ilimkuta Erasto Kitangari, juu ya ngazi, anafunga mfereji wa Mama Helena. Ilikuja kwa kishindo kama inavyokuja huku, baada ya miezi ya kutazamwa. Alishuka akakimbilia barazani. Mama Helena alikuwa ameketi kwenye mkeka upande wa pili, uso ameugeuza kidogo, kama inavyompasa mama mkwe na mkwe wake.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Pole na mvua. Umekunywa maji?"

"Bado, Mama."

Alitaka kumtuma mjukuu, lakini Erasto alikwishachukua kikombe, akaenda mwenyewe kwenye tangi. Lilikuwa lile la kwanza, limechakaa rangi ila halijatoboka. Ndani yalikuwamo maji kidogo ya mwaka jana. Akafungua koki.

Kilichotoka kilikuwa chekundu. Tope jembamba, chembe za kutu, majani yaliyooza, kitu kama mguu wa panzi. Kikajaa kikombe. Nyuma yake yakafuata maji, kwanza ya rangi ya chai, kisha meupe.

Alisimama na kikombe kile mkononi, mvua ikimpiga mgongoni.

"Mama," alisema aliporudi barazani. "Tangi limeharibika tangu lini?"

"Halijaharibika."

"Linatoa tope."

Mama Helena alirekebisha khanga begani, akatazama mvua. "Kikombe cha kwanza ndiyo tabia yake hiyo. Tangu lilipokuja. Cha kwanza mimi humwagia mpapai, cha pili nakiacha mtungini kitulie. Mpapai wangu umenawiri, hujauona?"

"Tangu lilipokuja! Mbona hukuniambia?"

"Ningekwambiaje, mwanangu? Mtu kakuletea maji mlangoni, tena anakuja kuwa mkweo, umwambie yana tope? Mdomo gani huo?" Akacheka kidogo, mkono mdomoni. "Na wenzangu wote wenye matangi yako ni hivyo hivyo. Tunamwaga cha kwanza. Nani atakulaumu? Maji si yapo?"

Erasto aliweka kikombe chini. Miaka yote ile. Kila uchafu ulioingia kutoka paani ulizama, ukafuata mteremko wa sakafu aliyoilaza kwa ustadi wake, ukasubiri mlangoni mwa koki. Watu waliumwaga wakanyamaza, kwa heshima. Mtu anaweza kuyatuliza maji mtungini. Anaweza kusubiri.

Mashine ya boti haina mtungi.

Hicho kidole kimoja. Kilikuwa cha uchafu. Kilikuwa mahali pa kutu, na takataka za kuchomelea, na maji yanayojificha ndani ya dizeli, pa kulala bila kumsumbua mtu. Yeye alikuwa amekifungulia mlango. Na leo ndiyo siku ya safari, na Cecilia yumo.

Simu ya Cecilia iliita bila kupokelewa. Alikumbuka alivyosema angeiacha nyumbani kwa Swaumu isije ikalowa. Ilibaki namba moja tu ya kupiga. Erasto aliitazama kwenye kioo kilichojaa matone, na hata pale, hata kwa hofu ile, moyo wake ulitafuta njia nyingine ya kuokoa bila kumwambia Mahmudu kwamba amekosea. Haikuwepo. Akapiga.

Ilipokelewa kwa kicheko. Cha Cecilia.

"Baba Nathanaeli! Hallo! Unasikia?" Nyuma yake kulikuwa na sauti ambayo Erasto hakuwahi kuisikia maishani, ya maji mengi yanayojigeuza, na katikati yake mashine inanguruma sawasawa. "Baba Naima kanipa simu yake nishike, mikono yake iko kwenye usukani. Huwezi kuamini! Ni maji tu, ni maji tu mpaka…"

Alikuwa anacheka bado. Kicheko kile kile cha mlangoni kwa Mama Helena, cha baiskeli na madumu. Na simu yake mwanamume yule iko mkononi mwake.

"Ehe," alisema Erasto.

"Kuna nini? Mama mzima?"

"Mzima. Mvua imenyesha."

"Mvua! Alhamdulillahi, anasema Mama Naima hapa. Sikia, sasa hivi tumefungulia tangi lako. Baba Naima kasema lazima leo turudi kwa dizeli ya Newala."

Erasto alifumba macho. Ilikuwa rahisi kusema basi safari njema. Labda hakuna kitu. Labda chuma kilikuwa kisafi. Angeweza kumwambia kesho, kwa upole, kama jambo dogo, wakiwa wawili. Alisimama na simu sikioni akisikiliza mashine, kama anavyoweza kuisikiliza mashine ya kusaga ya Newala na kujua, akiwa mtaa wa pili, kwamba mwenyewe ametia mafuta mabaya.

Mngurumo ukayumba. Ukakohoa. Ukarudi, ukakohoa tena.

"Funga koki!" alipiga kelele mpaka Mama Helena akasimama. "Cecilia, mwambie afunge tangi langu! Afungulie la zamani!"

"Nini? Mashine ime…"

Ikazimika. Kwenye simu ikabaki ile sauti ya maji peke yake, kubwa, ya karibu. Kisha sauti ya Mahmudu, isiyokuwa na mzaha: "Swaumu, nanga! Tupa nanga, mkondo unatupeleka mwambani!" Mnyororo ulikwaruza. Mtu alipiga yowe fupi. Erasto alishika nguzo ya baraza.

"Baba Nathanaeli." Cecilia alikuwa hacheki tena. "Nimekuweka kwa sauti ya juu. Sema."

Basi akasema, wote watatu wakimsikia, na Mama Helena wa nne. "Baba Naima, kosa ni langu. Ulinichorea bomba litoke juu, mimi nikaliweka chini. Matangi yangu hutanguliza uchafu. Mashine yako imemeza tope. Fungulia la zamani, safisha chujio, toa hewa."

Maji yaligonga ubavu wa boti.

"Matangi yako hutanguliza uchafu," Mahmudu alirudia taratibu, tayari amepiga magoti mahali fulani, maana sauti ilitoka chini. Spana ilianza kugonga chuma. "Kaka yangu! Na mimi ndiye niliyeshindwa, na madumu yangu ya maji safi!"

Swaumu alicheka, kicheko cha woga. Erasto alisikiliza kama mtu anayesubiri kofi. Cecilia hakucheka.

"Fanya kazi, shemeji," alisema. "Maneno baadaye."

Iligoma mara ya kwanza na ya pili. Ilipowaka, Erasto aliisikia kwa mwili mzima, akaketi chini kwenye matope ya baraza bila kujali. Mama Helena alisahau kugeuza uso, alikuwa anamtazama.

Kesho yake Erasto alishuka Mikindani kwa basi la alfajiri na sanduku lake la zana. Boti ilikuwa imevutwa ufukweni, imelala ubavu. Mahmudu alimpokea kwa mikono miwili, akamtania mbele ya watu wote kwamba amekuja fundi wa tope, kisha akamwacha. Alikuwa na hekima hiyo, lazima isemwe.

Erasto aliingia ndani ya boti akiinama, na Cecilia akaingia nyuma yake kumshikia taa, maana chini ya benchi kulikuwa na giza. Alifungua mfuniko wa juu, akapitisha bomba jipya hapo kwa nati na mpira, bila moto. Alilishusha taratibu. Lilipogusa sakafu alilivuta juu, akaingiza kidole chake kati ya mdomo wa bomba na chuma. Kikaenea. Akalifunga hapo. Tundu la chini aliliacha na koki yake. Sasa lingekuwa la kutolea uchafu tu, mara moja moja, kwenye ndoo.

"Ulijua?" aliuliza bila kugeuka. "Siku ile ya chai. Ulitaka kusema."

"Habari za tope nilizijua. Za mashine sikuzijua. Nikasema mafuta si maji, pengine hayana tabia hiyo."

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu wiki ile ya mvua ya kwanza. Mimi ndiye niliyekuwa nachota, si Mama. Nilimwaga mimi kikombe cha kwanza, akanikataza nisiseme." Alihamishia taa mkono wa pili. "Wazee wenu walikuwa bado hawajaja kuposa."

Erasto alibaki na spana hewani.

"Na Mahmudu?"

"Mahmudu nini?"

"Alijua?"

"Nani angemwambia? Yeye alikuwa anakuja bado na madumu yake. Maji meupe kabisa, yale." Akasubiri. "Mambo ya tangi yalikuwa ya nyumbani kwetu, Baba Nathanaeli."

Nje watoto wa Mikindani walikuwa wanagonga ubavu wa boti kwa viganja, na sauti iliingia ndani kama ya mvua juu ya bati. Erasto aligeuza jambo lile kichwani, upande huu na upande ule, kama anavyogeuza bamba kutafuta pa kuanzia kukunja. Maji meupe mlangoni kila siku, na visa juu yake. Na kwa upande mwingine kikombe cha tope, na kijana asiyesema. Alikuwa amemwonea wivu mtu kwa sababu ya tangi, na kumbe Cecilia hakuchagua tangi kamwe.

Alikaza nati ya mwisho, akaipangusa kwa kitambaa, akaikaza tena ingawa ilikuwa imekaza.

"Jana," alisema hatimaye, "nilipopiga simu. Ulikuwa unacheka nini?"

Cecilia alimtazama muda, taa katikati yao.

"Wimbi lilinipiga usoni likaingia mdomoni. Kumbe ni chumvi kweli. Siku zote nilikuwa naambiwa, siamini."

"Hilo tu?"

"Hilo tu."

Alimwamini karibu yote. Kilichobaki chini, kama kidole kimoja hivi, alikiacha kilale huko huko. Akamwomba ashushe taa kidogo, apate kufunga mfuniko.